Guka, Hukufa kwa Malaria

Guka,

Nimemwambia Baba. Ile siri uliyoniachia hospitalini nimeitoa, na nilipokuwa nikiitoa nilimwita Baba kwa jina lake, nikimtazama usoni, kama mama yake alivyokuwa akimwita. Kwamba nilimwita hivyo, hakuna mwingine anayejua. Mama hajui. Mdogo wangu Nyaga, mwenye jina lako, hajui. Nimekaa na jambo hili peke yangu mpaka nikaona heri nikuandikie wewe, babu yangu, kwa sababu lilianzia kwako.

Nimekalia stuli yako, ile ya miguu mitatu, hapa jikoni. Mama amepeleka kahawa kiwandani. Nyaga yuko shule. Mimi nilimaliza mtihani wa kidato cha nne na sasa nangoja matokeo. Wenzangu wengi wako Embu mjini wakijifunza kompyuta. Mama anasema mimi nianze kwa kujifunza kusalimia wageni.

Unajua nilivyo. Mtu akipiga hodi mbele, mimi natokea mlango wa nyuma. Mwalimu wa Biolojia alipochora viungo vya uzazi vya mwanamume ubaoni, darasa zima lilicheka, mimi nikainama nikachora mchoro wote bila kuinua macho. Niliupaka rangi vizuri sana ili nisiulizwe swali. Kile kitezi kidogo kilicho chini ya kibofu nilikipaka kijani. Nilipata alama zote. Sikujua kwamba muhula haungeisha kabla sijakisikia tena kikitajwa, na wewe ukiwa kitandani.

Ulisema ni malaria. Ulikuwa umetoka Kiambere kumwona dada yako, na kule chini joto ni jingi na mbu ni wengi, kwa hivyo tulikubali wote. Ulikuwa ukitetemeka juani ukiwa umevaa lile koti zito. Ulimeza vidonge vya malaria vya dukani, vilipoisha ukamtuma Nyaga vingine. Ulikuwa ukienda nyuma ya zizi kila mara, unakaa huko, unarudi umekunja uso na mkono kiunoni. Tukikuuliza unasema ni mgongo, umebeba pampu ya kunyunyizia kahawa maisha yako yote, mgongo utaacha kuuma kwa nini?

Walipokufikisha hospitalini ulikataa mtu yeyote abaki nawe isipokuwa mimi. "Niacheni na mke wangu," ulisema. Yule muuguzi mgeni alinitazama na sare yangu ya shule akashtuka. Ikabidi Baba amweleze kwamba nimepewa jina la Cucu, Wawira, na kwetu mtoto aliyepewa jina la nyanya yake ni mke wa babu kwa utani, na kwa baba yake ni mama. Ndiyo maana Baba hajawahi kuniita kwa jina langu. Mimi ni Mami. Hata akinikaripia, "Mami, maziwa yamemwagika tena?" Na wewe ulikuwa ukimwona kijana yeyote akinisaidia jerikani ya maji unapaza sauti kutoka shamba la kahawa: "Wewe kijana wa nani, unambebea nani maji? Huyo bwanake yuko hapa, na ana panga!" Nilitamani ardhi inimeze. Sasa naupitia ule mlango wa shamba nikiwa peke yangu na hakuna anayenipigia kelele.

Pia hakuna anayenikatia miwa. Nyaga hunikatia, lakini hunipa zile sehemu za mafundo. Wewe ulikuwa ukitafuna mafundo mwenyewe na kunipa kati.

Ngoja nirudi hospitalini. Daktari alikuwa mtu wa Pwani, mpole, akikuita "Mzee wangu," na Kiembu hakujua hata neno moja. Wewe Kiswahili ulikijua, Guka. Ulikuwa ukisikiliza habari redioni na kubishana nayo. Lakini siku hiyo ulijifanya hujui, ili kila swali lipite kwangu kwanza nawe upate nafasi ya kufikiri. Daktari akauliza kama mkojo unatoka kwa shida. Mimi nikauliza kwa Kiembu nikitazama ukuta. Wewe ukajibu ukitazama dirisha. Akauliza kama unauma, kama unatoka kidogo kidogo, kama kuna maumivu chini kabisa, pale mtu anapokalia. Ukuta, dirisha, ukuta, dirisha. Jibu lilikuwa ndiyo, kila mara.

Halafu akaeleza. Mwanamume ana tezi inayoitwa tezi dume. Iko chini ya kibofu, na mrija wa mkojo unapita katikati yake. Vijidudu vikiingia humo tezi huvimba, inabana mrija, na mtu anapata homa na baridi kama ya malaria. Ikitibiwa mapema, hupona. Yako ilikuwa imekaa sana bila dawa ifaayo na vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu.

Sikujua Kiembu cha tezi dume. Nikafikiri, nikakuambia ni kama ile pampu yako ya kunyunyizia kahawa: kuna mpira mdogo ndani ambamo dawa hupita, sasa mpira umevimba, dawa haitoki ila kwa matone, na mtu akizidi kusukuma anaumia bure. Ukageuka kutoka dirishani ukanitazama kwa mara ya kwanza. Ukasema, "Kumbe ni mpira." Kama mtu aliyetafuta kitu nyumba nzima akakiona mfukoni mwake.

Daktari na wauguzi walifanya walichoweza. Nawaona hata sasa. Na kabla hujachoka kabisa uliniita nisogee ukasema, "Mke wangu, nyumbani ni malaria." Nikasema sawa.

Kwenye mazishi mimi ndiye niliyesoma wasifu wako kwa niaba ya wajukuu. Nilisoma kwamba uliugua malaria kwa muda mfupi. Sauti ilinitetemeka na watu wakasema maskini, ana haya huyu mtoto. Acha waseme hivyo.

Sasa nikuambie ya Baba.

Aliacha kazi ya kuchimba mawe. Alinunua gari kuukuu la Probox na siku hizi anabeba muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, kutoka kule Kiambere mpaka Embu. Hiyo kazi haina subira. Majani yakichumwa yanaanza kunyauka, na wanunuzi wanasimama barabarani simu mkononi: umefika wapi, umefika wapi? Kwa hivyo Baba hakuwa akisimama. Alikuwa hanywi maji asubuhi ili asisumbuke njiani, na mkojo ukimbana alikuwa akiubana pia, mpaka mjini. Alikuwa pia akitafuna muguka kidogo ili macho yakae wazi. Alifanya hivyo siku baada ya siku akiwa amekalia kiti ambacho sponji yake iliisha zamani.

Kwanza nilisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa mara nyingi. Mama naye alisikia. Halafu Baba akahamia kulala sebuleni, kwenye kochi, akisema hataki kumwamsha Mama. Mama alianza kuweka sahani ya Baba mezani kwa nguvu. Alianza kumuuliza habari za Kiambere kwa sauti ya kejeli: "Huko chini kuna nini kinachokuchosha hivyo?" Baba anajibu, "Ni joto." Nikajua Mama anafikiria nini. Anafikiria mwanamke, na ugonjwa unaotoka kwa mwanamke huyo. Chakula kilikuwa kinaiva vizuri lakini hakuna aliyekuwa akikifurahia.

Siku moja nilikwenda kukata majani ya ng'ombe, nikamwona nyuma ya zizi. Pale pale pako. Alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili na kichwa amekiegemeza juu ya mikono. Nilirudi nyuma taratibu. Baada ya muda alitoka akakaa juani, amevaa jaketi, na meno yanagongana.

"Ni malaria, Mami," akasema aliponiona. "Nimeitoa huko chini. Mwambie Nyaga aende dukani."

Guka, nilikuona wewe. Lilikuwa koti lako, jua lako, vidonge vyako. Mtu yule yule wa dukani angemuuzia dawa ile ile.

Ningemwambiaje? Mimi ni binti yake. Hata neno mkojo sijawahi kulitamka mbele yake. Kumwambia Mama nisingeweza, maana Mama alikuwa tayari na jibu lake. Nilikuahidi wewe pia. Nikasimama na lile fungu la majani kichwani, maji yananitiririkia shingoni, nikamkumbuka Cucu. Unakumbuka alivyokuwa akimwita Baba akiwa na hasira? Mtu mzima mwenye watoto, na Cucu anaweka mikono kiunoni, anamwita kwa jina lake na lako pamoja, na Baba anakaa chini mara moja.

Nikatupa majani chini. Nikaweka mikono kiunoni.

"Njeru wa Nyaga," nikasema, "keti hapa."

Alikuwa ameketi tayari, lakini alifanya kama anaketi tena. Alinyanyuka kidogo akakaa vizuri, magoti pamoja. Alifumbua macho yake yote. Nilidhani atanipiga kofi. Mtoto hamtaji baba yake jina, kila mtu anajua hivyo, hata mbwa wetu anajua. Lakini ningesimama hapo ningekimbia, kwa hivyo nikaendelea kabla haya haijanishika.

"Mume wangu hakufa kwa malaria," nikasema.

Hapo ndipo nilipoitoa siri yako. Nilimwambia yote kwa sauti ya Cucu: mkojo, maumivu, mpira wa pampu, damu, maneno ya daktari wa Pwani. Sikutazama ukuta. Nikamwambia mume nimekwisha kumzika, mwana sitamzika, na kesho twende hospitali.

Alivuta jaketi kifuani. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, kama ya Nyaga, "Kwa nini hakuniambia?"

Nikasema, "Na wewe umemwambia nani?"

Akafuta uso kwa mkono wa jaketi. "Sawa, Mami," akasema. "Lakini si kesho. Leo. Na si Embu."

Embu anajulikana, alisema. Hata wauguzi wanamjua kama yule mtu wa muguka. Nikaona afadhali hospitali ya mbali kuliko kukosa hospitali, ingawa sasa najua tulikosea, mtu mwenye homa kama ile aende palipo karibu. Tulikwenda hadi Nkubu. Katika safari hiyo ndipo nilipomwona Baba akisimamisha gari kila mara kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kila akisimama mimi nilikuwa nikisoma bango lolote lililo karibu. Ninajua bei za mbolea kutoka Runyenjes mpaka Chuka.

Tukafika, Baba akajiandikisha, tukaketi kwenye benchi la wanaume. Baba amevuta kofia mpaka kwenye nyusi. Wa kwanza kutusalimia ni nani? Mzee Salimu, yule wa bucha kule Embu mjini, uliyekuwa ukigombana naye kuhusu mifupa.

"Njeru! Umefuata nini huku?"

"Nimekuja kuona mgonjwa," Baba akasema.

"Hata mimi nimekuja kuona mgonjwa," Mzee Salimu akasema.

Wakatazama kila mmoja mkono wa mwenzake. Wote wawili walikuwa wameshika vile vichupa vya kupimia mkojo. Mzee Salimu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kiuno akasema, "Wallahi, wagonjwa wetu wako wapi? Tuwape hivi vichupa vyao!" Baba naye akacheka, akitetemeka hivyo hivyo. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa muda mrefu. Mimi nilisimama nikaenda kusoma bango la chanjo.

Daktari alipomwona Baba hakucheka. Alimuuliza, "Umetoka wapi na homa hii?" Baba akasema nyumbani, Manyatta. "Umepita hospitali ngapi kuja hapa?" Baba akavuta kofia chini zaidi. Walimpima mkojo na damu. Kuna kipimo kingine ambacho Baba hakunieleza na mimi sikuuliza, ila alipotoka Mzee Salimu alimwambia kwa sauti ambayo benchi lote lilisikia, "Si umeona? Ni dakika tu. Umesumbuka miezi kwa sababu ya aibu ya dakika." Wanaume wote kwenye benchi wakatazama viatu vyao.

Baba alimruhusu daktari anieleze, kwa sababu alisema mimi ndiye mama yake. Daktari akatabasamu akadhani ni homa. Alisema tezi dume imevimba kwa sababu ya vijidudu vilivyopanda kwa njia ya mkojo. Nilikuwa nikidhani ni ugonjwa wa wazee, lakini alisema huu huwapata hata vijana, na Baba hajafika hata hamsini. Ya Mzee Salimu ni nyingine, yake imekua tu kwa umri, haina homa. Na saratani ni jambo lingine tena, ndiyo sababu mtu hafai kujipimia nyumbani na kujipa jina la ugonjwa. Baba akauliza, akiwa ameinama, kama ni lazima mtu aupate kwa mwanamke. Daktari akasema hapana. Wakati mwingine magonjwa ya zinaa huleta uvimbe huo, na kwa hivyo atayapima yote, lakini mara nyingi ni vijidudu vya kawaida tu vya tumboni. Alipopima, hayo mengine hayakuwepo.

Kuhusu kubana mkojo na kukosa maji alisema humsaidia sana adui. Kuhusu muguka alisema majani hayo hufanya mkojo uwe mzito kutoka, na kwa mtu mwenye uvimbe ni kama kufunga mlango uliokwama. Kisha akasema atamlaza, adungwe dawa ya mshipani kwanza, halafu vidonge kwa wiki kadhaa.

Baba akatoa simu akasema atamwambia Mama gari limeharibika Nkubu. Mzee Salimu, ambaye alikuwa bado anangoja dawa zake, akamwambia, "Njeru, gari halilazwi wodini. Mwambie mke wako." Nilitoka nje. Niliporudi Baba alikuwa ameweka simu kifuani na macho mekundu. "Mama yako anakuja," akasema.

Alikuja na uji kwenye chupa, na leso mbili, na hasira. Alisimama karibu na kitanda akaitazama ile chupa ya maji ya dawa inavyodondoka. Kisha akasema, "Wewe Baba Wawira. Muda huu wote nimekuwa nikimchukia mwanamke ambaye hayuko." Akakaa kitandani akalia. Baba akamwambia pole. Mama akasema, "Pole gani? Nilikuwa nimeshampa hata jina." Hata muuguzi aligeuka asionekane akicheka.

Ningependa kukuambia mambo yaliishia hapo. Hayakuishia. Homa ilipoondoka na maumivu yakapungua, Baba alirudi barabarani. Siku moja nilikuwa nasafisha gari nikavikuta vidonge ndani ya dashibodi, vingi, chini ya risiti. Nikamuuliza.

"Nimepona, Mami," akasema. "Hivyo nimeweka akiba. Na vingine nimempa yule kijana wa kupakia mizigo, mgongo unamuuma."

Daktari alikuwa amesema waziwazi kwamba dawa huingia kwenye tezi ile polepole, vijidudu hujificha humo, na mtu akiacha katikati vinarudi vikiwa sugu. Na dawa ya mtu si ya mgongo wa mtu mwingine. Nikaweka mikono kiunoni. Nikafungua mdomo nimwite jina. Guka, halikutoka. Nilikuwa nimechoka kuwa Cucu. Mikono ikashuka yenyewe.

Nikasema tu, "Baba, tafadhali. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuta Guka jasho." Nikalia kama mtoto, na kitambaa cha kusafishia gari mkononi.

Baba aliingia ndani akatoka na kikombe cha maji akameza kidonge mbele yangu. Siku iliyofuata alikwenda mwenyewe kwa daktari kueleza alivyoharibu, na safari hii alikwenda hapa Embu, mchana, bila kofia. Alipewa dawa upya akamaliza zote. Kijana wa mizigo naye alipelekwa kupimwa mgongo wake.

Maumivu kidogo yalibaki hata baada ya vidonge. Daktari alisema hutokea, na yataka subira. Alimwambia awe akikaa kwenye maji ya vuguvugu. Kwa hivyo jioni Mama humjazia lile karai kubwa la bluu, na wewe ungekuwepo ungemcheka, maana mlango wa bafu haufungiki vizuri na Baba huimba nyimbo za kanisani ili tujue yumo. Sasa anaimba kidogo tu, hana haja ya karai kila siku.

Kwenye gari kuna chupa kubwa ya maji. Amenunua sponji mpya ya kiti. Husimama Kiritiri, husimama tena mbele, ananyoosha miguu. Wanunuzi wakipiga simu anawaambia, "Muguka utangoja," na kumbe hungoja. Mwenyewe ameacha kuutafuna. Amerudi kulala chumbani. Sahani zinawekwa mezani polepole.

Na Mzee Salimu ameweka kiti chenye mto nyuma ya bucha yake, na wanaume wanaokuja kununua nyama huwauliza, mbele ya watu, "Na mkojo?" Wengine wamehama bucha. Wengine wamekwenda hospitali.

Nilifikiri utanikasirikia kwa kuitoa siri yako. Siku ya kwanza nilipokuja kaburini na Baba baada ya kutoka hospitali, nilibaki nyuma nikiogopa. Baba aling'oa magugu akasimama akakuambia, kwa sauti, "Ungeniambia tu, Baba." Ni hayo tu. Kisha akaniuliza nini kingine ulisema siku zile, na nikamweleza habari ya mpira, na wewe ulivyosema "Kumbe ni mpira." Alicheka huku analia. Sidhani umekasirika.

Nakuahidi jambo moja. Nyaga ana jina lako na ameanza kuwa na tabia zako. Akicheza mpira hataki kutoka uwanjani, anabana mkojo mpaka anaruka ruka. Nitamwambia. Akifika umri wa kuambiwa mengine nitamwambia hayo pia, ya kujikinga na ya kutoona haya mbele ya daktari, nami sitatazama ukuta. Katika fomu ya chuo nimeomba utabibu. Hilo nalo watu wa nyumbani wanajua, na Mama amesema basi nitalazimika kusalimia wageni.

Kwa hivyo ugonjwa wako si siri tena, mume wangu. Iliyobaki ni moja, na hii ni yangu. Nilikutunzia yako mpaka ilipotaka kuua mtu. Yangu haiui mtu, kwa hivyo itunze tu. Usimwambie yeyote huko kwamba nilimtaja Baba jina na akaketi kama mtoto. Hasa Cucu usimwambie. Nilitumia sauti yake bila kumwomba. Akiwa ameshasikia mwenyewe, mwambie ilikuwa mara moja tu na nimeirudisha.

Pumzika, Guka. Nasikia gari. Baba amesimama kwanza kando ya barabara kukojoa, kisha ndiyo aingie.

Mke wako,
Wawira